Anza na Choo: Jinsi ya Kuandaa Safari ya Kilimanjaro Inayomfaa Mwanamke

Ilikuwa siku ya tatu, njia ya Machame. Tulikuwa tumeiacha kambi ya Shira asubuhi na tunapanda kuelekea Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi. Kiongozi akasimama, akasema, "Haya, anayetaka kuchimba dawa achimbe hapa." Wanaume wakasogea hatua tano, wakatupa mgongo, kazi ikaisha. Sisi wanawake wanne tukatazamana. Pale hakuna mti wala kichaka, ni mawe meusi na upepo tu. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu, akasema yeye hana haja.

Usiku, kambini Barranco, niliona chupa yake ya maji. Ilikuwa ya lita moja, na tangu asubuhi ilikuwa imepungua nusu tu. Alikuwa hanywi makusudi ili asije akahitaji kwenda haja mbele za watu. Kesho yake kichwa kikamgonga, chakula kikamshinda, akawa anatembea akishika tumbo. Kiongozi akamteremsha, na alifanya sawa, kwa sababu dalili za mtu aliyekaukiwa maji zinafanana sana na za ugonjwa wa mlima na hakuna wa kubahatisha uhai wa mtu. Ikaandikwa kwamba mwinuko ulimshinda. Mimi mpaka leo naamini aliteremshwa na choo.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeandaa safari ya mlima: mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, katibu wa kwaya, mwenye kampuni ndogo ya utalii Moshi au Arusha, mwalimu wa klabu ya mazingira. Nawawazia wanawake wa aina mbili: anayepanda kwa pesa yake, na anayepanda kwa mshahara, yaani mgumu (ndivyo tunavyomwita mpagazi huku kwetu), mpishi, msaidizi na kiongozi. Wote wanalala kambi moja, na baridi inawapiga sawasawa.

Na lile neno kwamba mlima ni kazi ya wanaume, sisi tuliokulia chini yake linatushangaza. Bibi zetu wa Uchaggani walipanda hadi ukanda wa Nusu Maili, mpakani mwa msitu, wakakata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, wakateremka na mzigo kichwani kwenye utelezi, na jioni wakapika mtori. Hakuna aliyewaita wapanda mlima. Mzigo ulipoanza kulipwa ndipo ukawa wa wanaume.

Hatua ya kwanza: tarehe, siku na pesa

Vikundi vingi vya wanawake hutaka kuwa kileleni tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Naelewa uzuri wake, lakini Machi ni mlango wa masika. Utawapeleka watu wa mara ya kwanza kwenye matope ya msituni na theluji ya kileleni, halafu wakirudi waseme mlima si wao. Tarehe 9 Desemba nayo, ambayo Watanzania wengi hupanda kukumbuka usiku wa mwaka 1961 Alexander Nyirenda aliposimika bendera na mwenge kileleni, mara nyingi huangukia kwenye mvua za vuli. Wazoefu wanaweza. Kwa kikundi kipya chagua Januari na Februari, au kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba. Sherehe ya Machi mtaifanyia mjini, mkiwa na picha za kuonyesha.

Usinunue siku chache. Njia ya Marangu kwa siku tano ndiyo safari ya bei rahisi, na inawarudisha watu wengi njiani. Ongeza siku ya sita, mlale kambi ya Horombo (mita 3,720) usiku mbili badala ya mmoja: mchana wa siku hiyo ya ziada mnapanda hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kisha mnarudi kulala palepale. Mwili unapata nafasi ya kuzoea. Marangu pia ina vibanda vyenye vitanda badala ya mahema, na vyoo vya kujengwa, jambo ambalo kwa wengi wetu ni ahueni kubwa. Ila uliza mapema wanawake walale pamoja. Bweni la Kibo, la mwisho kabla ya kilele, huchanganya watu, na kwa binti anayelala nje ya kwao mara ya kwanza hilo si jambo dogo.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa au pasipoti iwe ya kwanza kwenye begi. Kinachobaki kuwa kizito ni malipo ya wagumu na viongozi, chakula, usafiri na vifaa. Sisi tunachanga kwa mchezo wa miezi kumi, kila mwezi kiasi kilekile, na mtunza hazina haruhusiwi kuigusa hata kwa mkopo wa siku mbili. Pesa ya mwanamke huwa ya kwanza kuitwa nyumbani kukiwa na ada ya shule au msiba. Ikikaa kwenye kikundi, inakuwa na mlinzi.

Halafu kuna mazungumzo ya nyumbani ambayo waandaaji wengi huyakwepa. Mwezi mmoja kabla, itisha kikao cha wazi na waalike waume, mama wakwe, kaka wakubwa, yeyote ambaye neno lake linaweza kumzuia mtu dakika ya mwisho. Waonyesheni ramani, kambi kwa kambi. Wapeni namba ya simu ya kiongozi mkuu na ya ofisi, na waambieni kambi zipi mtandao hushika na zipi haushiki, ili ukimya wa siku moja usije ukageuka kesi. Pangeni pia nani atabaki na watoto, kwa jina, siku kwa siku. Nimeona mama akigeuka getini, begi mgongoni, kwa sababu msichana wa kazi ameondoka asubuhi ile. Tangu siku hiyo tunamtengea shangazi au bibi wa akiba nauli yake kabisa.

Hatua ya pili: mazoezi yamfuate mwanamke aliko

Mama anayefungua genge saa kumi na moja alfajiri hana saa ya kwenda jimu. Mpe kazi inayoingia kwenye siku yake: kushuka daladala vituo viwili kabla, kupanda ngazi akiwa na begi lenye chupa za maji, kilo tano kisha nane. Jumamosi au Jumapili alasiri tembeeni pamoja saa tatu, nne, hadi sita. Pamoja, nasisitiza, kwa sababu mwanamke anayetembea peke yake na viatu vya mlima barabarani atasumbuliwa maneno, na wengine huacha mazoezi kwa sababu hiyo tu.

Walio Dar waende Uluguru, Morogoro. Walio Moshi wapande siku moja hadi kambi ya Mandara na kreta ya Maundi, warudi. Walio Nairobi wana Ngong na Longonot, na wakishazoea, Point Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, ambayo ni kipimo kizuri cha mwili kwenye hewa nyembamba. Miezi mitatu inatosha kwa mtu mwenye afya. Fanyeni mazoezi kwa buti zilezile mtakazopanda nazo.

Hatua ya tatu: viatu, sidiria, nywele na stara

Nenda kwenye duka la kukodisha vifaa uombe buti namba 37. Utaletewa 41 na ushauri wa kuvaa soksi tatu. Buti kubwa hukuumiza kwenye kushuka, njia ya Mweka, mguu unapoteleza mbele na kucha za vidole gumba kuwa nyeusi. Kwa hiyo anza kutafuta miezi mitano kabla, na usikodishe. Soko la mitumba la Memorial, Moshi, lina buti nzuri za kike kwa anayejua kuchambua: kunja soli kwa mikono miwili ukiangalia kama gundi imeachia, ingiza kidole nyuma ya kisigino ukiwa umevaa na kusukuma mguu mbele, kitoshe kimoja tu. Hapohapo utapata makoti ya mvua, suruali za kuzuia upepo na sweta za manyoya.

Begi liwe na mkanda wa kiunoni unaokaa juu ya nyonga. Uzito wote ubebwe pale, mabega yapumzike. Mabegi mengi yameshonwa kwa mgongo mrefu wa mwanaume, na mkanda unamfika mwanamke mfupi mapajani. Pima dukani likiwa na mzigo ndani.

Sidiria iwe ya michezo, isiyo na waya wala vyuma, na ziwe mbili. Ya pamba ikilowa jasho haikauki huko juu, na baridi ya kifua inakufuata hadi usiku.

Nywele: misuko minene inayofungwa juu haiingii ndani ya kofia ya baridi, na ukiilazimisha unaamka na maumivu ya kichwa ambayo yatamchanganya kiongozi wako. Suka twende kilioni, laini, siku tatu kabla ili kichwa kiwe kimeshapoa.

Kuhusu stara, msimlazimishe mtu suruali. Kuna mama atakayepanda na sketi pana juu ya suruali ya joto, na dada wa Tanga au Unguja atakayepanda na hijabu ya kitambaa kizito kilichobana shingo, na zote zinafanya kazi. Wanawake kadhaa wa kabila la Waaymara, Bolivia, waliokuwa wapishi na wapagazi wa kambi huku waume zao wakiongoza wageni, walianza kupanda vilele vyao Desemba 2015 wakiwa na sketi zao pana za asili, na Januari 2019 wakafika Aconcagua, mita 6,961, mlima mrefu kuliko wote Amerika. Mwambie mpishi mapema kuhusu nyama iliyochinjwa kihalali, na kwenye ratiba acha nafasi ya swala. Wanaosali asubuhi kwa nyimbo nao wapewe dakika zao.

Hatua ya nne: choo, maji na hedhi

Hapa ndipo ningependa utumie nusu ya akili yako yote.

Kambini vipo vyoo vya shimo vya hifadhi. Vingine ni visafi, vingine usiku mwenye tochi hafifu hawezi kuvikaribia bila kuteleza. Kwa njia za mahema beba hema dogo la choo lenye kiti na tangi la kemikali. Makampuni mengi huliuza kama nyongeza ya anasa. Kwa safari yenye wanawake liingize kwenye bei ya msingi, watu wasilazimike kulichagua. Anayelibeba na kulisafisha alipwe nyongeza inayojulikana, maana kazi hiyo haina msaidizi wala sifa. Lisimamishwe mbali kidogo na hema la jikoni, mlango ukitazama pasipo na njia, na pembeni kuwe na dumu la maji, sabuni, na taa ndogo inayoning'inia ndani. Wagumu wanawake walitumie pia. Safari ambayo mgeni ana hema la choo na mgumu mwanamke anatafuta jiwe la kujificha haijaandaliwa.

Njiani huwezi kusimamisha hema kila baada ya saa moja. Hapo beba doti moja ya khanga. Ni nyepesi kuliko sweta na inafanya kazi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua: wawili wanasimama wameshika khanga moja kwa ncha, wa tatu ana faragha, wanabadilishana, dakika nne watu wote wamemaliza. Khanga ya pili ni ya upande wa upepo. Kiongozi aseme asubuhi, kabla ya kuondoka, kwamba kila saa moja na nusu kuna kituo, na kwamba wanaume watatangulia mbele hadi kwenye kona huku wanawake wakibaki na msaidizi wa kike. Kikishatangazwa kuwa ratiba, hakuna anayeomba ruhusa wala anayeona haya. Karatasi zilizotumika ziingie kwenye mfuko na zishuke nanyi.

Usiku baridi inakaza, na kutoka hemani ni adhabu. Wapo wanaotumia chupa ya mdomo mpana pamoja na kile kifaa cha mpira chenye umbo la faneli kinachomwezesha mwanamke kukojoa amesimama. Kinafaa sana, lakini ufanyie mazoezi bafuni kwako wiki mbili kabla. Hemani, gizani, ndani ya begi la kulalia, si mahali pa kujifunza. Chupa hiyo ifungwe utepe mwekundu, isije ikafanana na ya kunywea.

Ukishamaliza hayo ndipo udai watu wanywe maji, lita tatu kwa siku. Kumbuka pia kwamba vidonge vya Diamox, ambavyo madaktari huwapa baadhi ya wapandaji kusaidia mwili kuzoea mwinuko, hukojoza. Mwanamke anayeogopa choo hufanya makosa mawili: haongezi maji, na kidonge anakificha mfukoni.

Hedhi. Semeni neno hilo kwenye kikao cha kwanza, wanaume wakiwepo, kwa sauti ileile mnayosemea soksi. Mlimani siku hubadilika kwa baridi, uchovu na mwinuko: inaweza kuwahi, kuchelewa, au kuja kwa matone. Kwa hiyo kila mwanamke apande na pedi zake hata kama anajua siku zake ni wiki mbili mbele. Kikundi nacho kiweke boksi la wazi ndani ya hema la choo lenye pedi, mifuko myeusi na karatasi, achukue anayetaka bila kuuliza, awe mgeni au mgumu. Majani makavu kidogo ya chai ndani ya mfuko hupunguza harufu. Kikombe cha hedhi ni kizuri kwa aliyekizoea, lakini kinataka mikono misafi na maji ya uvuguvugu, kwa hiyo usikijaribu mara ya kwanza mlimani. Kwa tumbo linalokata, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa soksi ndani ya begi la kulalia inasaidia. Mwambie mpishi kila jioni saa mbili achemshe maji ya chupa za kulalia kwa wote. Hatauliza ya nani ni ya nini.

Kabla ya safari kila mwanamke amwone daktari. Mjamzito asipande miinuko hii. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili amweleze daktari anapokwenda, kwa sababu vidonge hivyo huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda na huko juu maji mwilini hupungua. Anayedhurika na dawa za salfa aseme kabla ya kuandikiwa Diamox. Haya yote yaandikwe kwenye karatasi moja inayokaa kwa kiongozi mmoja tu, wa kike kama yupo.

Hatua ya tano: wanawake wanaobeba

Fika geti la Machame asubuhi ya msimu uone kazi inavyogawiwa. Wanaume kwa makumi wamesimama wakisubiri kuitwa, wanasukumana, wanaitana kwa majina ya mtaa, na mwenye sauti na bega ndiye anayeingia. Mwanamke aliyeamka saa tisa usiku, akaacha uji mezani, anasimama pembeni na begi lake hadi saa sita mchana kisha anarudi nyumbani. Ukitaka wanawake kwenye kikosi chako usiajiri getini. Andika orodha wiki mbili kabla, piga simu, thibitisha, tuma nauli.

Chukua wawili au zaidi, kamwe usichukue mmoja. Mmoja kati ya wanaume ishirini hana pa kulala zaidi ya pembe ya hema la jikoni. Wawili wana hema lao, na hilo hema liwe lao kweli, lenye magodoro, tangu wanapofika kambini. Ule utaratibu wa wagumu kulala kwenye hema la chakula, wakisubiri nje kwenye baridi hadi wageni wamalize supu, ni mbaya kwa yeyote, na kwa mwanamke ni mbaya mara mbili.

Mzigo wa kampuni kwa mgumu ni kilo 20, na unapimwa getini. Kuna wenye huruma wanaompa mwanamke kilo 12. Ninawasihi wasifanye hivyo. Siku ya malipo ataambiwa alibeba nusu, na safari ijayo wenzake watasema amewaongezea mzigo. Mpe kilo 20 zilezile, zilizofungwa vizuri kwenye begi lenye mikanda badala ya gunia la kubeba shingoni, na mlipe shilingi zilezile. Kwa nguo za baridi, mradi wa kusaidia wagumu uitwao KPAP, pale Moshi, huwaazima wagumu bila malipo. Mpeleke kabla ya safari, usimwache apande na viatu vya raba.

Malipo yaingie kwenye namba yake mwenyewe ya simu. Tipu itangazwe mbele ya wote siku ya mwisho, cheo kwa cheo na kiasi kwa kiasi, wageni wakiwepo.

Sasa jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Wapo wasichana walioambiwa kwamba nafasi ya kupanda, au barua ya kupendekezwa kwenye mafunzo ya uongozi, inapatikana kwa njia ya hemani. Hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu kuwa kosa. Isomeni kanuni hiyo kwa sauti kabla ya safari, kikosi kizima kikisikia. Na wapeni namba ya simu ya mtu asiyekuwa mlimani, mwanamke ikiwezekana, ambaye haripoti kwa kiongozi mkuu. Njia ya malalamiko ikipitia kwa kiongozi mkuu, na yeye ndiye anayelalamikiwa, hakuna njia.

Kisha ngazi. Mgumu anakuwa msaidizi, msaidizi anakuwa kiongozi, na kila ngazi inataka leseni, huduma ya kwanza, lugha ya kigeni, na mtu wa juu aliyekuona ukifanya kazi. Hili la mwisho ndilo linalowakwamisha wanawake, kwa kuwa mgumu hutangulia mbio na mzigo kwenda kusimika kambi, na hakuna anayemwona akiongoza. Kila safari mtoe mgumu mwanamke mmoja siku mbili atembee na wageni, akijifunza kupima mwendo na kujibu maswali, kwa malipo yaleyale. Pokhara, Nepal, dada watatu wa ukoo wa Chhetri walianza mwaka 1994 kuongoza wasafiri wanawake na kuwafundisha wasichana kazi hiyo, baada ya kusikia wageni wakilalamika jinsi walivyosumbuliwa njiani na viongozi wa kiume. Wateja walikuwepo siku zote, walikosa tu wa kuwaongoza. Hapa kwetu nao wapo, wanauliza kila wiki kama kuna kiongozi wa kike, na mara nyingi jibu ni kwamba amekwisha kuchukuliwa.

Hatua ya sita: kikao cha jioni

Kila jioni kiongozi apite hema kwa hema, asiulize mezani mbele ya watu. Mezani kila mtu ni mzima. Wanawake hasa huficha maumivu, kwa kuogopa kusikia "tulijua tu." Kwa hiyo tamko la kwanza la safari liwe kwamba kushuka hakuna mshindwa, na wa kwanza kusema kichwa kinauma awe kiongozi mwenyewe siku kinapomuuma.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula: pumzika, kunywa, usipande zaidi hadi yaishe. Anayeyumba kama mlevi, asiyeweza kutembea mstari mmoja kisigino kwa kidole, au anayeongea ovyo, ashuke wakati uleule hata kama ni usiku wa manane. Anayehema akiwa amekaa, kifua kikikoroma au mate yakitoka na povu, vivyo hivyo. Na akishuka, asindikizwe na mwanamke mwenzake pamoja na kiongozi. Hilo lipangwe tangu mwanzo kwenye hesabu ya kikosi, ili kumshusha mmoja kusiwakwamishe wengine.

Hatua ya saba: usiku wa kilele

Mtaondoka karibu saa sita usiku, kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo. Mwenye hatua fupi zaidi awekwe nyuma tu ya kiongozi, wengine wamfuate yeye. Chupa za maji zigeuzwe chini juu, maana maji huanza kuganda upande wa juu. Betri za akiba zikae kifuani kwenye joto. Choo kabla ya kuondoka, kwa wote, kwa ratiba.

Wanaopita njia ya Barafu watafika ukingoni mwa kreta pale Stella Point. Waambie jina hilo ni la nani: Stella Latham, aliyefika hapo na mume wake mwaka 1925. Miaka miwili baadaye, 1927, Sheila MacDonald akawa mwanamke wa kwanza kufika kileleni kabisa. Na kama kuna binti wa shule kwenye kundi lenu mwambie pia habari za Rawan Dakik, Mtanzania wa kwanza mwanamke kufika Everest, mwaka 2021. Kutoka Stella hadi kilele cha Uhuru ni kama saa moja, na kwa watu waliochoka, jina la mtu linavuta mguu mmoja zaidi.

Hatua ya nane: mkirudi

Wiki moja baadaye kaeni tena, wanaopanda na waliobeba kwenye duara moja, pesa zikiwa zimeshalipwa ili kila mtu aseme bila kuogopa. Ulizeni swali moja tu: wapi ulitamani kurudi nyumbani, na ilikuwa kwa sababu gani? Majibu yaandikwe kama yalivyotoka. Ndiyo ratiba ya safari ijayo.

Na vifaa visitawanyike. Sisi tuna sanduku la bati kwa dada mmoja hapa Moshi. Kila anayeshuka na buti asizozihitaji tena anaziosha, anazikausha kivulini, na ndani ya ulimi wa buti anaandika kwa kalamu ya wino mzito namba, mwaka, na mahali zilipomfikisha. Mwalimu wetu wa Barranco alirudi mwaka uliofuata, na buti zake za namba 38 zimeandikwa "Uhuru" kwa mwandiko wa ubaoni. Sasa sanduku lina jozi kumi na moja. Namba 36 hatuna bado, na kuna binti wa Marangu anaisubiri.